Usizime kabla ya dakika ya 37: One Cut of the Dead

Oyaa wadau, karibuni tena. Sauti leo imekauka, mnisamehe, jana nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Muvi ni ya Kijapani, One Cut of the Dead, ya mwaka 2017, kaitengeneza Shinichiro Ueda. Ni vichekesho! Nalisema mapema kwa sababu ukifungua unakutana na mazombi, damu, jengo bovu, halafu unakuja kunitukana hapo chini. Stori sikupi. Hii muvi mtu akikusimulia amekuibia.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliizima dakika ya 20. Nikasema hawa wanaboronga tu. Mdogo wangu ndiye aliyenirudisha, akaniambia, "Bro, vumilia."

Sasa tazameni hapa, naweka. Dakika 37 za mwanzo hazijakatwa hata mara moja, kamera moja inakimbizana na watu ndani ya mtambo wa zamani wa kusafisha maji, kule mji wa Mito, Japani. Waone hawa. Zombi yuko nje, inabidi watetemeke, si ndiyo? Wamenyamaza. Kimyaaa. Halafu mmoja anauliza wenzake hobi zao. Hobi! Mama huyu anajibu anajifunza kujilinda, anaonyesha na mfano: akikamatwa kwa nyuma anarusha mikono juu, "Pon!" Narudisha. Msimwangalie yeye, mwangalieni macho. Hii siyo hofu ya zombi, hii ni hofu ya mtu aliyeishiwa maneno ukumbini. Kila boko unaloliona hapa lina sababu, na hiyo sababu ukija kuijua utaanguka kwenye kochi.

Natoa moja tu. Moja. Hapa kamera inadondoka, inalala chini, mayowe tunayasikia kwa mbali. Ikiinuka, ona, inaanza kuvuta picha karibu, mbali, karibu, kama mtoto kashika simu mpya. Kumbe kweli imeshikwa na mtu mwingine! Mgongo wa yule wa kwanza umegoma. Basi, naziba mdomo.

Na hakuna steringi humu. Waigizaji wako kama kumi na mbili, wametoka kwenye warsha ya chuo cha uigizaji, hata Japani walikuwa hawajulikani. Takayuki Hamatsu anayecheza dairekta ana ule uso wa mwenye shughuli aliyeambiwa wageni wameongezeka na pilau imeisha. Wafaransa nao waliirudia, Coupez! ya Michel Hazanavicius, ikafungua tamasha la Cannes mwaka 2022. Siyo mbaya. Ila kule wamejaa mastaa, na staa akiboronga unajua anaigiza kuboronga. Hawa sura zao huzijui, ndiyo maana unaingia mtegoni mzima mzima.

Kasoro? Baada ya zile 37 inapoa, kuna maandalizi marefu, niliwahi kwenda kuchemsha chai hapo na sikuisimamisha. Sasa... hapana, jana nimeitazama mara ya tatu nayafuta maneno yangu. Hapo ndipo anapoonekana mlevi mmoja, na jamaa wa tumbo la kuendesha. Usiende kuchemsha chai.

Na hela! Yeni milioni 3 hivi ndiyo bajeti nzima. Ikaanza kwenye kumbi mbili tu za Tokyo, ikaja kuingiza zaidi ya yeni bilioni 3. Ndugu zangu wa Bongo Movie mnaolia bajeti, mimi nimenyamaza. Ni saa moja na nusu na kidogo, kwa hiyo bando la usiku linatosha kabisa. Mimi nimekodi kwa hela ya chipsi mayai.

Tangazo: video zinahamia Jumanne, Ijumaa nina shifti. Bonyeza kengele. Halafu yule anayeniambia ninunue maiki mpya, nimekusikia kaka, nitumie basi.

Yuniti zimebaki mbili hapa, umeme unaweza kukata saa yoyote. Ngoja nimrudie mama mara ya mwisho. Angalia mikono... "Pon!"