Digrii ya Kichina hapa Dodoma: nimemaliza, hii ndo rivyuu yangu

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika madogo wananiuliza kama digrii ya Kichina inalipa, sasa naandika yote hapa. Nimesoma kwenye chuo kimoja hapa hapa Dodoma, lugha pamoja na utamaduni. Kama unaitaka lugha yenyewe, nenda kasome bila wasiwasi. Kama umesikia tu kwamba kazi za Wachina zipo nje nje, soma uhasibu au ugavi halafu Kichina jifunze jioni, utafika mbali zaidi.

Upande wa lugha natoa nyota tano na sibanii. Mwaka wa kwanza ni mdomo na masikio, toni nne pamoja na ile sauti isiyo na toni, na laoshi (walimu wote tunawaita hivyo) hakuachii mpaka itoke sawa hata kama darasa zima linakusubiri wewe. Sisi ukiuliza swali unapandisha sauti mwishoni, huko ukipandisha hovyo umeshatamka neno lingine, kwa hiyo lazima ulivunje lile zoea kabisa. Darasa lenyewe dogo, sio zile kozi za watu mia tatu ukumbini ambazo lecha hakujui hata sura.

Halafu herufi. Unapewa daftari la vijiboksi, kila kiboksi kimegawanywa kwa mistari ya nukta nukta, unaandika juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, na herufi yenye ukuta pande zote unajaza kwanza vya ndani ndo unafunga mstari wa chini. Ukifunga kabla hujajaza laoshi anajua, hata kama imetoka nzuri, na unarudia mstari mzima. Mwanzoni inachosha sana jamani, ila baada ya muda mkono unajua wenyewe, na unaanza kuona vile vitone vitatu vya maji upande wa kushoto kwenye mto, kwenye ziwa, kwenye bahari, unakutana na herufi mgeni kabisa lakini unajua hii ni mambo ya maji. Hapo ndo nilipoipenda hii kozi.

Utamaduni na historia naupa nyota mbili na nusu, na hili linaniuma maana ndo sehemu ingetubeba. Kuanzia Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, anaiunganisha nchi na kuyafanya maandishi yawe ya aina moja mwaka 221 KK, mpaka enzi ya mwisho ya wafalme, Qing, inaanguka 1912, vyote semesta moja, madesa ya Kiingereza yametolewa kopi mpaka maandishi yamefifia, unakariri majina ya enzi unaingia kwenye UE (mtihani wa mwisho wa semesta) unasahau. Reli ya TAZARA ilipita kwa sentensi moja! Nyerere alienda China 1965, reli ikajengwa kwa msaada wa China 1970 hadi 1975, wazee walioifanyia kazi bado wapo, hiyo ni semina nzima ya kufa mtu na watu wangeenda kuwahoji kabisa. Japani na Korea nazo ziliguswa juu juu, wakati Wajapani mpaka leo wanatumia herufi zilizotoka China, orodha yao rasmi ina 2,136, na Wakorea walikuwa wanaandika kwa hizo hizo tu mpaka mfalme Sejong akaja na Hangul, herufi zao wenyewe, kwenye miaka ya 1440. Ukijua hivyo unaelewa ukanda mzima, sio nchi moja.

Fildi (mafunzo kwa vitendo) tuliachiwa kila mtu ajitafutie. Waliopata saiti za ujenzi walirudi wanaongea zege, nondo, posho na kuchelewa kwa mzigo, maneno ambayo vitabu vyetu havina kabisa, na kwa kuongea wametuacha mbali sisi tuliokaa ofisini kupanga mafaili. Kwa hiyo anza kutafuta mapema, na usikubali sehemu ambayo hutafungua mdomo.

Jambo lingine, GPA (wastani wa matokeo yako ya chuo) na HSK (mtihani rasmi wa China wa kupima Kichina cha wageni) ni vitu viwili tofauti. Unaweza ukafaulu koziweki zote vizuri na HSK 4 ikakugomea, maana kwa ule mtindo wa ngazi sita HSK 4 inataka maneno 1,200, HSK 5 inataka 2,500, na spidi ya kusikiliza haikusubiri. Skolashipu za masta zinazofundishwa kwa Kichina huwa zinaangalia hiyo karatasi, sio tesheni (utafiti wako wa mwisho chuoni). Kwetu ada ya mtihani ilikuwa haimo kwenye ada ya chuo, unalipa mwenyewe, kwa hiyo itenge bumu (hela ya mkopo) likiingia tu. Na ukiombea chuo cha China matokeo yanahesabika miaka 2, sasa ukiwahi kufanya ukiwa mwaka wa kwanza yatakuwa yameisha muda siku unayoyahitaji. Mwaka wa tatu mwanzoni ndo wakati mzuri.