SSD ya Laptop: Uliza Akiba Kwanza, Kasi Baadaye

Harusi za Mfunguo Mosi ndizo zilizonifumbua macho. Nilikuwa nimekaa na laptop barazani kwetu, saa tano za usiku, nahamisha picha za harusi ya binamu yangu kutoka diski ya nje. Folda ina giga 22. Mwanzo ule mstari wa kijani ulikwenda mbio, megabaiti mia na ushee kwa sekunde, nikajua chai haijapoa nitakuwa nimemaliza. Ulipopita kidogo giga ya sita ukaporomoka: 40, 25, 18. Kishale cha mausi kikaganda. Excel niliyokuwa nimeifungua kando, yenye hesabu za wageni wa Jambiani, haiitiki. Kazi ya dakika tatu ikanichukua robo saa na ziada.

SSD ya laptop yangu, yaani ile diski ya chipu isiyozunguka, ilikuwa na miezi minne tu. Niliinunua mjini, giga 120, kwa sababu muuzaji aliniambia: "Dada, ukishatia SSD umepona." Nilimwamini, nikalipa, na fundi akanifungia siku ile ile.

Tangu hapo nimepokea malalamiko ya wasomaji wengi yanayofanana na yangu, na karibu wote wanaulizia kasi. Kasi sitaizungumzia. Kwa kazi za kawaida SSD yoyote mpya itaishinda ile diski ya zamani inayozunguka, na zile namba kubwa za kwenye boksi hutaziona maishani. Kama laptop yako inachukua ile ya inchi 2.5 au ile nyembamba ya M.2, fundi atakwambia akishafungua kifuniko. Ninalotaka kulisema ni akiba, kwa sababu hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kunitajia.

Akiba unaijua kutoka kwenye simu, pale palipoandikwa "Futa akiba". Ni mafaili ambayo programu inajiwekea pembeni ili isiyatafute tena mbali. Kwenye kompyuta mambo ni makubwa zaidi, na mfano mzuri ni Office, ambayo wengi wetu tunaitumia kila siku bila kujua imeingiaje.

Mwaka 2006 Microsoft iliinunua kampuni ya Softricity, iliyokuwa na programu ikiitwa SoftGrid. Kazi yake ilikuwa kuifunga programu katika ganda lake yenyewe, isichanganyike na Windows, na kuituma kidogo kidogo kutoka kwenye seva: kwanza vile vipande vinavyohitajika ili ifunguke, vyengine vinafuata polepole huku wewe umeshaanza kazi. Baadaye ikaitwa App-V. Teknolojia hiyo ndiyo iliyoingia kwenye Office ya 2010 kwa jina la Click-to-Run. Waliotumia kompyuta wakati ule watakumbuka diski ya ajabu iliyojitokeza, herufi Q, ukiibofya haifunguki. Ndilo lilikuwa ganda lenyewe. Toleo la 2013 liliiondoa Q lakini utaratibu ukabaki.

Sasa sikiliza panapouma. Office ya namna hii haikuulizi ikae wapi. Inakwenda kwenye diski ilipo Windows, basi. Mama mmoja wa Mwanakwerekwe mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi aliniandikia kuwa fundi alimgawia SSD yake ya giga 240 sehemu mbili: C giga 60, D zote zilizobaki, "ili mafaili yako yawe salama". Baada ya muda C ikawa nyekundu na D tupu kabisa. Akaiondoa Office, akairudisha, akitafuta pahala pa kuchagua D. Hakuna. Microsoft yenyewe inaandika kuwa Office inahitaji giga 4, lakini kila sasisho linapokuja linapakuliwa kwanza pembeni kisha ndipo linapangwa, na Windows nayo inajiwekea kiasi cha giga 7 za dharura kwa masasisho yake. Ikipandishwa toleo inaacha folda ya Windows ya zamani kwa siku 10. Outlook inaweka nakala ya barua zako kwenye faili moja linaloruhusiwa kufika giga 50. Vyote hivyo viko C. Usikubali diski igawiwe. Akianza fundi, mwambie aache.

Kuna jambo jengine la kutazama kwa macho yako. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, nenda kwenye sifa zake, utaona mistari miwili: ukubwa wa folda, na ukubwa wake halisi diskini. Watu husoma wa juu na kuondoka. Kwa mafaili ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ambayo hayajapakuliwa, mstari wa juu unaweza kusema giga 30 na wa chini sifuri. Kwenye App-V ya maofisini ni hivyo hivyo: faili linaonekana zima, kumbe vilivyofika ni vile vipande vilivyotumwa tu. Siku vikimalizika kuja, diski iliyoonekana ina nafasi inajaa bila ya wewe kuongeza hata picha moja.

Kijana mmoja anayefanya kazi ofisini mjini alinieleza kuwa kompyuta zao za giga 128 zinajaa kwa sababu hiyo. Kila toleo jipya la programu likija, la zamani linabaki palepale, kwa kuwa usafishaji wa kujiendesha haujawashwa tangu mwanzo. Akaingia kwenye folda ya App-V akafuta kwa mkono. Programu nne zikagoma kufunguka asubuhi ile. Ndugu zangu, folda ile haifutwi kwa mkono, inaondolewa kwa amri yake na msimamizi wa mtandao. Ziko njia za kuacha mafaili yote kwenye seva na kompyuta ikayavuta inapoyahitaji, lakini zinataka mtandao usiotetereka kutwa nzima, na sitomshauri hivyo mtu wa huku kwetu.

Nimeeleza yote haya kwa sababu akiba ya programu ndiyo inayoiua akiba ya pili, iliyo ndani ya SSD yenyewe, na hapa ndipo picha zangu za harusi zilipokwama.

SSD nyingi za leo zinahifadhi biti tatu ndani ya seli moja, yaani kijumba kimoja cha kuhifadhia, aina inayoitwa TLC, au biti nne, inayoitwa QLC. Kuandika hivyo ni polepole. Kwa hiyo diski inachukua seli zilizo wazi, inaandika biti moja moja kwa haraka, halafu ikipata nafasi inazipanga vizuri. Hiyo ndiyo akiba yake, na kwenye nyingi inategemea nafasi iliyobaki wazi. Diski yangu usiku ule ilikuwa na giga 26 wazi. Yangu ni ya biti nne, kwa hivyo gawa kwa nne: sita na nusu. Pale pale mstari wa kijani ulipoanguka. Nilipopiga hesabu ile nilikaa kimya muda mrefu, maana miezi minne nilikuwa nikiilaumu Windows.

Diski ikiwa tupu dukani inapepea. Ikijaa akiba za Office, za Chrome, za WhatsApp, inabaki na njia nyembamba, na wewe unadhani kompyuta imezeeka.

Sasa ununue ipi?

Kwa laptop ya zamani yenye nafasi ya inchi 2.5, nunua Samsung 870 EVO ya giga 500. Naipenda na sioni haya kusema. Ni TLC, ina dhamana ya miaka 5, na ndani yake mna kumbukumbu ya DRAM ya megabaiti 512, ambayo ni kama daftari la anuani: diski inajua kila kipande kiko wapi bila kukipekua. Akiba yake ikiisha, kasi haiporomoki kama ilivyonitokea mimi. Nimeirudia kazi ile ile ya picha, giga 22, mstari ukakaa sawa tangu mwanzo hadi mwisho kama maji ya bwawani. Windows itakuonesha giga 465, usidhani umeibiwa, ni hesabu tu za elfu na 1,024. Kampuni inatoa pia programu ya bure iitwayo Magician inayokwambia kama diski ni ya Samsung kweli, na kwa mji wetu hilo peke yake lina thamani.

Tahadhari moja: 870 EVO na 870 QVO zinafanana majina na boksi. QVO ni ya QLC, inaanzia tera 1, na Samsung wenyewe wanaandika kuwa akiba ikiisha, ile ya tera 1 inashuka hadi megabaiti 80 kwa sekunde. Herufi moja hiyo. Muuzaji mmoja aliniambia "hizo zote sawa, dada". Si sawa.

Ya pili ni Crucial MX500, nayo ina DRAM yake na dhamana ya miaka 5. Ukiipata mpya kwenye boksi lililofungwa, chukua bila wasiwasi.

Laptop yako ikiwa na nafasi ya M.2 ya NVMe, aina ile ya kasi zaidi, Samsung 970 EVO Plus ndiyo chaguo langu. Samsung 980 haina DRAM, ila zile za NVMe zinaweza kukopa kipande kidogo cha ram ya kompyuta kwa ajili ya daftari lile, kwa hivyo kwa kazi za ofisi haitakuangusha. Za inchi 2.5 zisizo na DRAM hazina pa kukopa.

Za bei nafuu, kama Kingston A400 na Crucial BX500: hazina DRAM, dhamana miaka 3. Kwa kompyuta ya kaunta inayofungua risiti tu zinafaa. Ukinunua, iwe 480 na kuendelea, usiguse 120.

Laptop mpya ya giga 64 iache dukani. Giga 64 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa na Windows 11, na hifadhi ya laptop hizo, eMMC, imechomelewa kwenye bodi. Ikijaa, hakuna fundi atakayekubadilishia.

Na zile diski za nje za "tera 16" kwa bei ya doti ya kanga ni wizi. Chipu imefundishwa kusema uongo: inajitangaza tera, ndani mna giga chache, na ukipita hapo inaandika juu ya picha zako za mwanzo. Ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw kabla hujampa mtu pesa.

Bei zenyewe zinanitia uchungu. Nilizunguka maduka matatu mjini kwa saa moja kuulizia 870 EVO ya giga 500, nikatajiwa bei tatu, na ya juu ilikaribia kuwa mara mbili ya ya chini. Ukiuliza kwa nini, jawabu ni dola, au mzigo umekaa bandarini, au "hii ya Dubai, ile ya Dar". Dhamana ya miaka 5 iliyoandikwa na kampuni inageuka kuwa "dhamana ya kuangalia hapa hapa". Duka moja lilinitolea diski isiyo na boksi, eti mpya, imefutwa vumbi. Nikaomba ichomekwe, nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma saa ambazo diski imewashwa: saa 9,114. Zaidi ya mwaka mzima usiku na mchana. Yule kaka hakutahayari, akaniambia kwani si inafanya kazi. Pesa ile ni ya mwalimu, ya muuza samaki, ya mama anayechapa kopi za shilingi mia mia. Mtu akiuza kilichotumika aseme kimetumika, na ashushe bei.

Kwa hiyo nenda na fleshi yenye CrystalDiskInfo na H2testw mfukoni. Omba diski ichomekwe mbele yako. Muuzaji akikataa, toka, maduka yapo mengi.

Mwalimu mmoja wa skuli ya Chake Chake ananiuliza afanyeje, keshanunuliwa na mwanawe laptop ya giga 64 na imejaa. Mwalimu wangu, shikamoo. Hiyo haibadiliki diski, lakini ina tundu la kadi pembeni. Tia kadi halisi ya giga 128, hamishia humo nyaraka, picha na mitihani yote. Office iache ilipo, haihami. Kisha washa ile Storage Sense ya Windows ifute akiba kila wiki, na WhatsApp itumie kwenye simu. Ukibakiwa na giga 15 wazi itakwenda, na ikianza tena kuwa nzito niandikie tena, nione kinachokula.