Gari la juu la familia Dar es Salaam: lipi la kununua, lipi la kupisha

Kwenye matangazo ya magari ya Dar, herufi ya namba hutangulia hali ya injini. "Namba E, AC kama barafu, njoo na fundi wako." Herufi hiyo inasema jambo moja tu: lini gari lilisajiliwa Tanzania. Harrier iliyotengenezwa 2005 na kuingia nchini juzi itavaa namba E, na ya 2012 iliyoingia mapema itavaa namba D. Ya kwanza inaweza kuombewa pesa zaidi, na watu wanatoa. Kabla ya kujadili bei, vuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho. Chini kabisa, karibu na sakafu, mara nyingi pana lebo ya kitambaa yenye mwaka wa kutengenezwa. Ilinganishe na kadi ya usajili wa gari.

Ukiagiza mwenyewe Japani, mwaka huohuo ndio unaokukamua kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ambayo TRA (mamlaka ya mapato) inalipangia gari, nauli ya meli na bima zikiwa ndani. Juu ya jumla hiyo unakuja ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000, asilimia 10 ikizidi 2000. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 kwa ajili ya umri, na likipita 10 huongezewa 30. Kisha VAT, asilimia 18 juu ya vyote.

Chukua gari la cc 1997 lililothaminiwa shilingi 10,000,000. Likiwa na miaka 7, kodi hizo zinafika kama 5,490,000. Likiwa na miaka 11 zinafika kama 9,910,000, na hapo bado tozo ndogondogo za reli na forodha, usajili, bandari na wakala wa kutoa mzigo. Watu wengi huogopa cc, lakini kuvuka cc 2000 kwa gari hilohilo kunaongeza kama 740,000 tu. Umri unaongeza zaidi ya milioni nne. Angalia na kalenda: umri huhesabiwa kwa mwaka, kwa hiyo gari lililolipiwa Novemba likatia nanga Januari linaweza kuwa limeruka daraja likiwa baharini. Na ukipata bei ya kutupa mtandaoni, usitegemee kodi nayo ishuke, maana TRA ina thamani zake kwenye kanzidata. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao. Kipige siku hiyohiyo unayotaka kulipa, kwa sababu bajeti inaweza kubadilisha viwango kila Julai.

Ushauri unaotokana na hesabu hiyo ni huu. Kama unaagiza, tafuta gari lisilofika miaka 8. Kama mfuko unaishia kwenye magari ya zaidi ya miaka 10, nunua lililokwisha kuingia nchini, ambalo kodi yake ililipwa na mtu mwingine na magonjwa yake yamekwisha kujionyesha kwenye foleni zetu.

Sasa magari yenyewe, kwa mpangilio wetu, kwa familia ya watu watano hadi saba inayokaa Tegeta, Goba, Kimara au Kigamboni, inayopeleka watoto shule kila siku na kwenda mkoani Desemba.

1. Toyota Vanguard ya viti saba, injini 2.4

Hii ni RAV4 iliyorefushwa, ilitengenezwa 2007 hadi 2013. Spea zake nyingi zinaingiliana na za RAV4, kwa hiyo kwenye maduka ya spea ya Gerezani hukosi kitu, na fundi wa mtaani hakushangai. Injini ni 2AZ-FE ya cc 2362. Ugonjwa wake mkubwa ni kula oili, hasa zile za miaka ya mwanzo: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni huziba kwa masizi, ringi zinashindwa kukwangua, oili inaungua pamoja na petroli. Kuugundua, liache gari lingurume bila kwenda kwa dakika tano likiwa moto, kisha mwambie mtu akanyage mafuta kwa nguvu nawe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ukitoka, muuzaji apunguze bei kwa gharama ya kufungua injini, au mwachie gari lake. Gia boksi ni CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, inayovumilia kiasi ikibadilishiwa oili kila kilomita 40,000.

Kuhusu viti saba, tusidanganyane. Mstari wa tatu ni wa watoto wadogo. Mtu mzima atafika Chalinze magoti yakiwa kifuani. Viti vyote vikiwa vimesimama, buti linabeba mabegi ya shule na basi, kwa hiyo safari ya Moshi itahitaji keria juu. Anayehitaji kweli kubeba watu wazima saba na hatoki kwenye lami, anunue Noah, aache kuhangaika na magari ya juu.

2. Nissan X-Trail T32 ya viti saba

Ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2013. Injini ni cc 1997, kwa hiyo iko kwenye daraja la asilimia 5, na zile zisizofika miaka 8 bado zinapatikana. Kwa anayeagiza, hii ndiyo ya kwanza. Imeshuka hapa nafasi ya pili kwa sababu moja: CVT yake haipendi joto, na Dar ni joto na foleni. Mkanda wa chuma ndani ya gia boksi hushikwa na puli kwa shinikizo la oili. Oili ikichoka au ikipata moto kupita kiasi, mkanda huteleza na kukwangua puli, na chembe za chuma zinasambaa ndani. Dalili ni gari kutetemeka ukiondoka taratibu, mshale wa mizunguko kupanda huku mwendo hauongezeki, na mlio mwembamba unaokua kadiri unavyokwenda.

Oili inayotakiwa ni NS-3. Mtu akimimina oili ya kawaida ya otomatiki kwa sababu "zote ni oili za gia", ameiua. Muulize muuzaji iliwekwa oili gani, wapi, akuonyeshe risiti. Akisema gia boksi hii haihitaji kubadilishiwa oili, una jibu lako. Soma pia namba ya chasisi. T32 na NT32 ni za petroli, ila ikitanguliwa na H, yaani HT32 au HNT32, hiyo ni haibridi: haina mstari wa tatu, na betri yake kubwa ikichoka utatafuta fundi kwa tochi.

3. Mazda CX-5 ya petroli, 2.0

Viti vitano. Kizazi cha kwanza, 2012 hadi 2016, kina otomatiki ya kawaida ya hatua sita, siyo CVT, na hilo peke yake limeipandisha hapa. Spea hazijazagaa kama za Toyota, na taa au bampa la mbele litakuuma. Mitego yote iko kwenye dizeli ya 2.2, ambayo mara nyingi huonekana rahisi kuliko petroli ya mwaka uleule. Ina chujio la moshi linalohitaji mwendo wa barabara kuu kwa robo saa hivi ili lichome masizi. Gari la kwenda Mikocheni na kurudi halipati mwendo huo. Kila jaribio la kuchoma likikatizwa, dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili ya injini, kina cha oili kinapanda badala ya kushuka, oili inakuwa nyepesi, na turbo ndiyo inayolipa. Namba ya chasisi itakuokoa: KE2 ni dizeli, KEE ni petroli ya 2.0.

4. Toyota Harrier

"Tako la nyani" (jina la mtaani la kizazi cha pili) yenye 2.4 ina otomatiki ya hatua nne isiyo na makuu. Ni gari gumu, tulivu barabarani, na kila gereji inaijua. Tatizo ni bei ya jina: kwa pesa ileile unapata Vanguard changa zaidi yenye viti viwili vya ziada. Ukaguzi wa kula oili ni uleule, maana injini ni ileile. Chache zina springi za hewa. Zikilala chini asubuhi, ondoka. "Anaconda" (kizazi cha tatu) ya 2.0 iliyokuja mwishoni mwa 2013 ni nzuri kuitazama na iko chini ya cc 2000, lakini viti ni vitano na unalipia sura.

5. Subaru Forester

Hakuna hapa linalopita tope la Madale wakati wa masika kama hili. Zenye injini ya EJ20 zina mkanda wa taiming unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni zinagongana. Gasketi za silinda huvuja. Nunua kama tayari una fundi wa Subaru, siyo fundi anayesema naye ameshawahi kuifungua.

6. Land Cruiser Prado

Kwa mjini ni ufahari. Ya petroli 2.7 ni nzito na inakunywa. Ya dizeli ya 3.0, 1KD, ina ugonjwa wa sili za nozeli: zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, na injini hufa kwa kiu huku kijiti kikionyesha oili imejaa. Mwenye shamba na barabara mbaya kila mwezi ana sababu ya kuinunua.

Na mpya? Toyota Rush ya kizazi cha 2018, viti saba, cc 1496, haina adhabu ya umri na ina dhamana ya kiwandani. Inasukuma kwa tairi za nyuma tu, kwa hiyo kilima cha udongo kikilowa itateleza. Watu saba, AC na mlima wa Kitonga kwa pamoja ni mzigo kwa injini hiyo. Rush za zamani za Japani ni za viti vitano, usizichanganye.

Siku ya kukagua

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna jambo la asubuhi ambalo hakutaka ulione. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili na cha rejeta. Utando wa rangi ya maziwa kwenye kifuniko cha oili ni maji yaliyochanganyika. Maji ya kutu kwenye rejeta yanamaanisha limekuwa likijazwa maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti, na visima vingi vya Dar vina chumvi inayotafuna rejeta na pampu. Uliza pia kama thermostati, vali inayodhibiti joto la injini, ipo. Mafundi wengi huitoa "gari lisichemke", na mshale wa joto unaokaa chini hata ukiwa barabara kuu utakuthibitishia. Kuirudisha ni bei ndogo, lakini jiulize lilichemka kwa nini hadi wakaitoa.

Kisha liendeshe Mwenge hadi Ubungo saa ya foleni, AC ikiwa ya mwisho, na umalizie na kilima cha Makongo. CVT mbovu hujificha ikiwa baridi na hujitangaza baada ya nusu saa. Rudi upime kwa kompyuta. Mashine ikionyesha kwamba gari halijamaliza kujipima lenyewe, huenda makosa yamefutwa muda si mrefu.

Gari lililozama halinuki siku zote, maana kapeti huoshwa. Pekua boliti zilizoshikilia viti, shimo la tairi la akiba, na soketi za umeme chini ya dashibodi: kutu, matope laini, ukijani kwenye shaba. Tazama alama ndogo kwenye pembe ya kila kioo cha mlango. Chenye alama tofauti na wenzake kilibadilishwa, na mlango wake uangalie vizuri. Chini ya gari, kutu nyingi kwenye lililotoka Japani karibuni inaweza kuwa ya chumvi ya barabara za theluji.

Tairi: namba nne za mwisho za DOT ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Ukiona neno STUDLESS, hizo ni za theluji, mpira wake laini unaisha haraka kwenye lami yetu ya moto na haushiki vizuri. Zihesabu kama hazipo na upunguze bei.

Makaratasi. Taka kadi halisi. Ukiambiwa "iko benki" au "iko kwa mkopeshaji", malipo yafanyikie mbele ya huyo anayeishikilia. Kwa namba ya gari, angalia faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), kwa kuwa yanalifuata gari. Linganisha namba ya chasisi na injini kwa macho yako. Kwa lililoingia karibuni, omba cheti cha Japani cha kusafirisha nje: mara nyingi kina kilomita za ukaguzi wa mwisho kule, na dashibodi haiwezi kuwa na pungufu ya hizo. Mkataba upite kwa wakili, umiliki uhamishwe TRA, na sehemu ya mwisho ya pesa itoke uhamisho ukishaingia.

Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na ya gia, kulanti, chujio zote na mkanda wa nje, hata kama umeapiwa kwamba vilibadilishwa. Pesa hiyo itengwe kabla ya kulipia gari, kwa sababu baada ya hapo haitapatikana.