Spea ya gari: ununue wapi kabla ya kukimbilia kwa wakala wa kampuni ya gari?

Kampuni iliyounda gari lako haikutengeneza kila kilichomo. Plagi huenda ni za NGK au Denso, nozeli za Bosch, shokomzoba za KYB. Kampuni hizohizo huuza spea ileile kwenye boksi lao, na mara nyingi bei huwa chini kwa sababu tu nembo ya gari haimo. Kwangu hiyo ndiyo nafasi ya kwanza.

Kuipata si kazi. Mwambie fundi aifungue ya zamani na kuifuta grisi. Mara nyingi utakuta jina la mtengenezaji na namba. Ipige picha, kisha beba na namba ya chasisi, kwani magari mawili ya modeli moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na breki tofauti. Muuzaji anayesema "zote zinaingiliana" bila hata kuangalia namba, muage.

Ila feki zipo, hasa plagi. Ncha ya katikati ya plagi ya iridiamu (metali ngumu) ni nyembamba kama sindano, kati ya milimita 0.4 na 0.7, ile ya kawaida ya nikeli ni kama 2.5. Boksi likisema iridiamu na ncha ni nene, umeshaibiwa.

Nafasi ya pili ni mtumba, lakini kwa vitu vya bodi: mlango, bampa, taa, saitimira. Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa. Oltaneta nayo sawa, ikipimwa kwanza. Brekipedi, mkanda wa taimingi na chochote cha mpira, hapana.

Ya tatu ni chapa nyingine zenye jina. Filta ya hewa au wipa za aina hiyo hazina neno.

Wakala nampa nafasi ya nne, na bado ana siku zake: gari lililo ndani ya waranti, eabegi, funguo za kuprogramu. Na kiwanda kikiyaita magari yarudi kwa kasoro ya usalama, kwa kawaida wakala hurekebisha bure. Mpelekee namba ya chasisi aangalie.

Boksi jeupe lisilo na jina halina nafasi yoyote kwangu, hasa kwenye breki.

Kabla hujanunua mwenyewe, muulize fundi: wengi hawatoi dhamana ya kazi kwa spea uliyokuja nayo. Akikubali kununua yeye, mtajie chapa na namba, na udai ya zamani.