TAHADHARI: "Kipimo cha DNA cha saratani" kwa tone la damu kinachozungushwa kwenye vikoba Morogoro

Ndugu zangu, wasomeeni hii mama zenu na shangazi zenu, hasa walio kwenye vikoba.

Mwezi wa tatu, kwenye kikoba cha shangazi yangu Kihonda, alikuja kijana amevaa koti jeupe, ana begi jeusi na tableti. Akasema ana kipimo kipya kutoka Marekani kinachosoma DNA ya saratani kwenye damu, aina zaidi ya hamsini kwa mara moja. Bei 85,000, ila kwa wanakikoba 60,000. Akawatoboa kidole mmoja mmoja, akadondosha tone la damu kwenye kibao cha plastiki, akaongeza matone mawili ya dawa, wakasubiri dakika 15. Aliyewahi kupimwa malaria zahanati anakijua kibao hicho.

Walipimwa kina mama 14. Wanne aliwaambia "DNA imeonyesha dalili", papo hapo akawauzia unga wa kusafisha damu kwa 350,000. Wawili walilipa kwa hela ya kikoba.

Shangazi aliambiwa yuko safi, na hapo ndipo ninapoumia. Alikuwa na kivimbe kwenye titi la kushoto tangu Krismasi, na daktari alikuwa ameshamwandikia rufaa akakatwe kinyama kipelekwe maabara. Alipopewa karatasi ya yule kijana, ina muhuri na picha ya DNA, barua ya rufaa akaiweka kabatini. Ilikaa humo miezi mitano. Nilipokwenda kumsalimia mwezi wa nane, kivimbe kilichokuwa kama punje ya mahindi kimekuwa kama limau na ngozi imevutwa ndani. Sasa anatibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar. Ameanza matibabu, tunamshukuru Mungu, lakini miezi ile mitano hairudi.

Uongo huu unawanasa watu kwa sababu umejengwa juu ya kitu cha kweli. Ni kweli chembe za mwili zikifa humwaga vipande vya DNA kwenye damu. Wanasayansi Mandel na Métais waliionyesha DNA hiyo inayoelea kwenye damu huko Ufaransa tangu 1948. Uvimbe wa saratani nao humwaga vyake, na kuna maabara zinazovitafuta. Kipimo cha aina zaidi ya hamsini kipo Marekani, kinaitwa Galleri. Lakini huchukuliwa chupa mbili za damu ya mshipa, kila moja mililita 10 hivi, kwa sababu vipande vya saratani changa ni vichache mno. Kwenye tone la kidole huenda kisiwemo hata kimoja. Damu hiyo inakwenda kwenye mashine kubwa za kusoma vinasaba, na majibu huchukua kama wiki mbili. Bei yake ni dola 949, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili. Kile kibao cha plastiki hakisomi DNA. Mtu akikuambia dakika 15, ameshajitaja mwenyewe.

Na hata hicho halisi hakimwambii mtu "wewe ni mzima, kaa nyumbani". Kwenye utafiti mmoja mkubwa wa Galleri, saratani za hatua ya kwanza zilizokamatwa zilikuwa takribani 17 kwa kila 100. Zilizobaki zilipita bila kuonekana. Kwenye utafiti mwingine uliochapishwa 2023, walipimwa watu 6,621. Waliopata majibu ya kutia shaka ni 92, na walipochunguzwa zaidi, waliokutwa kweli na saratani ni 35. Kwa hiyo majibu ya damu, yawe mabaya au mazuri, hayamalizi kazi. Kivimbe kwenye titi kinapigwa picha, kinakatwa kinyama, kinaangaliwa kwa hadubini. Kama shangazi angelijua hili moja tu, barua isingelala kabatini.

Siwakatazi kupima. Pimeni! Mlango wa kizazi unachunguzwa kwa siki kwenye vituo vingi vya afya, na ni haraka. Titi likiwa na kivimbe, chuchu ikitoa damu au ngozi ikivutika, nendeni hospitali wiki hiyo hiyo, hata kama mna karatasi kumi zinazosema mko safi. Anayekuja mtaani na vipimo, muulizeni maabara yake iko wapi na usajili wake wa Bodi ya Maabara Binafsi za Afya uko wapi. Vitendanishi, yaani vibao na dawa za kupimia, vinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa hiyo muulizeni na hilo. Yule kijana alipoulizwa na katibu wa kikoba alisema makaratasi yako Dar. Risiti hakutoa hata moja, alitaka pesa taslimu tu.

Kama mmeshapimwa naye, msitupe karatasi wala unga. Vitunzeni, mvipeleke polisi na kwa mganga mkuu wa wilaya, ni ushahidi. Sisi tumesharipoti. Na walioambiwa "safi" nao wako hatarini, wanaweza kupuuza dalili kama shangazi, kwa hiyo waambieni waende wakaonwe.

Namba ya yule kijana haipatikani tangu mwezi wa tano. Juzi mama mmoja wa Mikumi ametuambia kijana wa aina hiyo hiyo, koti jeupe na begi jeusi, amepita kwao akielekea Ifakara. Mwenye ndugu njia hiyo ampigie leo.