Misimu saba na tiketi ya msimu ya Sunderland: uzoefu wangu

Tangu Sunderland warudi Ligi Kuu ya England mwaka 2025, simu yangu haipumziki. Waswahili wenzangu wa huku kaskazini wananiuliza swali moja: ile tiketi yako ya msimu inalipa? Ninayo tangu msimu wa 2019/20, timu ikiwa bado League One, yaani daraja la tatu. Nitaeleza nilichokiona nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Kabla ya hapo niliumizwa. Nilipofika Uingereza mwaka 2018 nilikuwa na hamu ya kuona mechi moja kubwa London, nikanunua tiketi kwa muuzaji wa mtandaoni kwa pauni 140. Getini nikaweka karatasi yangu kwenye mashine, taa nyekundu. Nikarudia, nyekundu. Mlinzi akaniambia kwa upole kwamba tiketi hiyo imeshaingiza mtu mwingine. Nikarudi kaskazini kwa basi la usiku, na asubuhi nikaingia kazini wodini. Sikujua kwamba England kuuza tiketi ya mpira bila idhini ya klabu ni kosa la jinai tangu mwaka 1994. Nawaomba sana wageni: msinunue kwa mtu msiyemjua, hata akituma picha ya tiketi yenyewe.

Sunderland niliingia kwa bahati. Tarehe 26 Desemba 2018 muuguzi mwenzangu alinipa tiketi ya mumewe aliyekuwa mgonjwa. Mechi ilikuwa dhidi ya Bradford City. Nilitegemea kukuta watu elfu tano, sita. Walikuwa 46,039, rekodi ya League One kwa wakati huo. Timu ilikuwa imeshuka mara mbili mfululizo, 2017 kutoka Ligi Kuu na 2018 kutoka Championship, yaani daraja la pili, na watu walikuwa wamefurika hadi kwenye ngazi wakitafuta viti vyao.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Baba alinipeleka uwanja wa Mkwakwani nikiwa mdogo, na habari za Coastal Union kuchukua ubingwa mwaka 1988 nimezisikia kabla sijajua kusoma. Nimeona pia ule msimu wa 2015/16 ambao timu zetu zote tatu, Coastal, African Sports na Mgambo, zilishuka kwa pamoja. Najua uwanja unavyokuwa baada ya hapo: majukwaa matupu, watoto wanacheza danadana pembeni, na wazee wachache waliokaa palepale walipokaa siku zote. Kwa hiyo siku ile nilimgeukia mzee aliyekaa kushoto kwangu nikamuuliza: hawa wote wamefuata nini, na timu iko daraja la tatu? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. Akasema: "Sasa tukae nyumbani tufanye nini?"

Mei 2019 tulipoteza fainali ya mchujo wa kupanda daraja Wembley kwa Charlton, bao la dakika ya mwisho kabisa. Wiki iliyofuata nikaenda kununua tiketi ya msimu.

Hapa msikilize vizuri mliokuja karibuni. Klabu nyingi huku zinakuruhusu kulipa kidogokidogo, lakini kwa kawaida mkopo wenyewe unatolewa na kampuni ya fedha, na kampuni hiyo inakagua historia yako ya madeni. Mimi nilikuwa sina deni popote duniani, na hilo ndilo lililoniponza: hakuna historia, hakuna mkopo. Walinikatalia kwa barua ya mistari miwili. Niliona aibu, kama niliyekwenda kuomba. Kilichoniokoa ni mchezo wetu wa kina mama, upatu tunaoucheza watu kumi na wawili wa Tanzania, Kenya na Kongo. Nikaomba zamu yangu iwahishwe, wakakubali, nikalipa zote kwa mkupuo. Ukigawanya kwa mechi 23 za nyumbani, ilikuja chini ya pauni 20 kwa mechi. Kwa bei hiyo kwenye klabu nyingi kubwa za London hupati hata kona ya uwanja.

Unachonunua ni kiti kimoja chenye namba yako kwa mechi zote za ligi za nyumbani. League One na Championship ni mechi 23, Ligi Kuu ni 19. Mechi za kombe na za mchujo hulipiwa kando, ila wewe unapewa nafasi ya kununua kabla ya watu wengine. Na kila unaponunua unajikusanyia pointi za uaminifu. Hizo pointi mwanzoni nilizidharau kabisa, nikidhani ni kama zile za supamaketi. Nitazirudia.

Kile kiti. Nilichagua safu ileile ya mzee yule, naye alikuwa palepale. Ni fundi wa meli wa zamani. Viwanda vya meli vya Sunderland vilifungwa mwaka 1988, mwaka uleule baba yangu alipokuwa anaruka barabarani kwa ubingwa wa Coastal, na mgodi wa makaa wa Monkwearmouth ukafungwa mwaka 1993. Uwanja wetu, Stadium of Light, umejengwa juu ya mgodi huo, ukafunguliwa mwaka 1997, na nje pamesimama sanamu ya taa ya wachimbaji. Siku ya tatu au ya nne mzee aliinama akagonga chuma kilicho chini ya kiti changu kwa ufunguo wa nyumba yake, akasema: hiki nimekifunga mimi. Nikadhani anatania. Kumbe kiangazi cha mwaka 2018 viti vyekundu vilikuwa vimepauka kwa jua vikawa rangi ya waridi, na mashabiki wakaitwa waje kujitolea kuvibadilisha. Wakaja. Walikuja na spana zao wenyewe, wakafungua boliti moja baada ya nyingine. Tazama tofauti ya rangi, aliniambia, na kweli boliti za safu yetu zilikuwa mpya, zinang'aa kuliko chuma kilichozishika.

Tangu siku hiyo namwita Babu. Nikifika nasema shikamoo, na yeye anajibu marahaba kwa lafudhi yake ya huku Wearside, bila kukosea. Watu wa safu ya nyuma nao wameishika.

Msimu wa 2020/21 karibu wote ulichezwa bila watazamaji kwa sababu ya Uviko. Niliuangalia mpira kwenye simu kati ya zamu, na sitaki kuuzungumzia sana mwaka ule, nikiwa muuguzi. Niseme tu kwamba tuliporuhusiwa kurudi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu watu wa safu yetu.

Mei 2022 tukapanda Championship kwa kuwafunga Wycombe 2-0 Wembley. Lakini usiku ambao siwezi kuusahau ni wa tarehe 13 Mei 2025, nusu fainali ya mchujo dhidi ya Coventry. Tulikuwa tumeshinda kwao 2-1, hapa wakatufunga moja, tukaingia muda wa nyongeza. Dakika ya 122, kila mtu akiwa tayari ameshajiandaa kwa penalti, kona ikachongwa, Dan Ballard akaruka. Mpira ukagonga mwamba kwa chini ukaingia. Sikusikia kelele, nilihisi zege linatetemeka chini ya viatu. Babu alikuwa amenishika mkono wa koti, ananivuta chini kama mtu anayezama, analia. Kifungo cha mkono huo hakipo mpaka leo na sijakishona kingine.

Siku kumi na moja baadaye ilikuwa fainali na Sheffield United. Hapo ndipo pointi zilipofanya kazi. Watu waliotaka kwenda Wembley walikuwa wengi kuliko tiketi nzuri, na waliokaa kwenye baridi ya League One ndio walionunua mapema. Sikubembeleza mtu wala sikuingia mtandao wa muuzaji yeyote. Nilikaa jukwaani kihalali, nikamwona Tom Watson akifunga dakika ya 95, 2-1, tumerudi Ligi Kuu baada ya miaka minane. Wengi waliokuwa wakinicheka kazini kwa kulipia timu ya daraja la tatu waliipigia simu klabu wiki ile ile. Wakaambiwa viti vya msimu vimejaa, wajiandikishe kwenye foleni ya kusubiri.

Mapungufu yapo, na makubwa kwangu ni ratiba. Ukiwa Ligi Kuu televisheni ndiyo inayoamua siku. Mechi ya Jumamosi inahamishwa Jumapili, au Jumatatu usiku, na mimi zamu zangu zinapangwa wiki nyingi kabla. Msimu huu nimekosa mechi kadhaa. Unaweza kumpisha mtu mwingine kwenye kiti chako kwa kufuata utaratibu wa klabu, na mimi humpa mwenzangu wa Lubumbashi, ambaye tangu wasajiliwe Noah Sadiki na Arthur Masuaku wa timu ya taifa ya Kongo anaiona hii kama klabu ya nyumbani. Tena mjue kwamba mechi zinazoanza Jumamosi saa tisa alasiri hazionyeshwi televisheni ndani ya Uingereza. Ndugu zangu Tanga wanaitazama Sunderland kwenye kibanda umiza, mimi ninayeishi dakika kumi na tano kutoka uwanjani, nikikosa kwenda, naisikiliza redioni.

Kina mama wa Kiislamu wananiuliza mengine. Navaa hijabu, na sijapata shida kwenye safu yetu hata siku moja. Neno baya nimelisikia mara moja tu, kwenye uwanja wa ugenini ambao sitautaja, na Babu aliinuka kabla yangu. Pombe hairuhusiwi kunywewa mahali unapoweza kuuona uwanja, hiyo ni sheria ya nchi, kwa hiyo wanywaji hubaki kule chini kwenye vibanda na viti hubaki safi. Desemba jua linazama mapema mno, magharibi inaingia mapumziko yakikaribia. Natoka nyumbani na udhu, na nikitoka tu uwanjani naswali. Soksi vaa mbili. Upepo wa Bahari ya Kaskazini hauna adabu.

Kwa anayetaka kuona majina makubwa mara mbili tatu kwa mwaka, simshauri anunue. Atalipia mechi 19, ataenda nne, na kiti kitupu kinaumiza watu wa safu yake. Kwa aliye mpweke huku, aliyechoka kutoka kazini kwenda chumbani na kurudi kazini, naisifu bila kusita, na aanze hata na klabu ndogo ya mji wake iliyo chini kwenye madaraja, ambako nafasi zipo leo na bei ni ndogo. Pointi zianze kuhesabiwa sasa.

Kwenye mchezo wetu wa kina mama, zamu yangu sasa inapangwa mwezi wa kulipia msimu mpya, bila hata mimi kuomba. Mwaka huu wenzangu wawili wameomba wapangwe mara baada yangu. Wamejiandikisha kwenye foleni, na Babu ameshaniuliza majina yao yanatamkwaje.