Kukodi boti Matema wakati wa baridi kufuata mbasa: uzoefu wangu

Julai iliyopita nilikodi boti ya nusu siku pale Matema, Ziwa Nyasa, niende kuvua kwa kukokota mshipi nyuma ya boti. Nilirudi na mbasa wawili na malalamiko mawili. Naanza na samaki.

Mbasa ndiye yule ambaye Wazungu walimwita samoni wa ziwa, na mwenzake mdogo, sanjika, wakamwita trauti. Ni majina ya kufananisha tu. Kiukoo mbasa yuko karibu zaidi na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kuliko na samoni yeyote wa Ulaya, na chakula chake kikubwa ni huyo huyo usipa, yaani anakula ndugu zake. Tabia moja tu anafanana na samoni kweli: mvua zikinyesha anapanda mitoni kutaga, kisha anarudi ziwani. Ndiyo maana mimi huenda kipupwe. Wakati huo hapiti tena mdomoni mwa mto palipojaa nyavu, yuko ziwani anafuata usipa.

Tuliondoka Mbeya usiku, mimi na shemeji yangu, tumevaa makoti. Tukuyu ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Tulipopita Ipinda makoti yalikuwa kiti cha nyuma.

Nahodha, mzee wa makamo aliyetusalimu "ugonile" kwa Kinyakyusa akacheka jinsi shemeji alivyojibu, alitaka tuingie majini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alikuwa na sababu. Msimu huu upepo wa kusi hukaza jua likipanda, na Matema iko ncha ya kaskazini kabisa. Wimbi likianzia kusini lina zaidi ya kilometa 500 za kujikusanyia nguvu kabla halijakufikia wewe. Ukichelewa saa mbili unalipia kichefuchefu.

Sasa lalamiko la kwanza. Boti ilikuwa na mashine ya nguvu za farasi 40. Kwa kupeleka abiria Ikombe ni safi sana, lakini kwa kukokota chambo ni balaa, maana hata ikipunguzwa mpaka mwisho bado inakimbia. Chambo kinatakiwa kiende mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo. Chetu kilikuwa kinarukaruka juu ya maji kama chura. Saa nzima hatukuguswa. Nikamwambia, "Mzee, hivi hatupati kitu." Hakunibishia. Alichukua ndoo ya plastiki ya lita 20, akaifunga kamba kwenye mkono wa ndoo yenyewe, akaitupa nyuma. Ndoo ikajaa, ikatushika, na boti ikatulia. Mkono wa ndoo ulikatika mara moja, akatoboa matundu mawili pembeni akaifunga upya.

Baada ya hapo tulifuata mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki. Walipokuwa wanazama ndipo usipa walipo, na nahodha alikuwa anapita pembeni ya kundi, hakulikata katikati. Chambo kikubwa nilichokinunua kwa mbwembwe hakikuguswa. Kilichofanya kazi ni kile cha bati jeupe, chembamba, urefu wa usipa mkubwa, nimekiachia mshipi wa mita 40 hivi. Wa kwanza alishika kwa kishindo, fimbo ikainama hadi majini. Wa pili alikuwa mdogo kidogo. Wa tatu alichomoka karibu kabisa na boti kwa sababu ya pupa yangu, na shemeji bado anasimulia.

Saa nne kusi likaamka, tukageuza. Milima ya Livingstone ilikuwa imeshaanza kujifunika mawingu.

Lalamiko la pili ni la mwenye boti, si la nahodha. Kwa simu tulikubaliana bei moja, ufukweni nikaambiwa petroli ni juu yangu. Na majaketi okozi yalikuwa matatu, sisi wanne pamoja na kijana wa kusaidia. Kijana ndiye aliyekaa bila. Ziwa lenye kina cha karibu mita 700 halitaki mzaha huo, na safari nyingine sipandi mpaka nihesabu.

Nahodha nampa alama zote. Boti nusu. Ukipiga simu, uliza mashine ni ya ngapi kabla hujauliza bei. Ya 15 inatosha. Mimi nilinunua ndoo yangu Ipinda wakati wa kurudi, yenye mkono wa chuma.